Je, mawasiliano ya hologramu ya Star Trek yanawezekana?

Swali: Ndugu zangu, katika Deep Space Nine, tamthilia ya televisheni ya Star Trek, kwenye kipindi cha mwaka 1997, Kapteni Sisko anazungumza na mtu aliye katika chombo kingine cha angani, na mtu huyo anaonekana kama hologramu, yaani taswira ya pande tatu, amesimama mbele yake bila skrini. Je, fizikia inaruhusu?

Jibu la kwanza: Kikwazo ni hewa yenyewe. Mwanga husafiri moja kwa moja hadi ugonge kitu, kwa hiyo taswira haiwezi kuelea patupu pasipo moshi, ukungu au kioo cha kuuelekeza machoni mwetu. Hologramu halisi, iliyobuniwa na mwanafizikia Dennis Gabor mwaka 1947, huonekana kwa kutazama bamba lililoirekodi.

Jibu la pili: Mimi umbali ndio unaonisumbua zaidi, kwani hata kutoka Mwezini mwanga huchukua zaidi ya sekunde 1 kutufikia, kwa hiyo majibu katika mazungumzo yangechelewa.