Kulala Hotel Des Indes pale Den Haag, inalipa kweli au niishie kunywa chai tu?

mama_ilham
Assalaam alaykum, na habari za wikendi kwa wote. Mume wangu anaenda Den Haag, Uholanzi, kwa kozi ya wiki mbili mwezi wa tisa, ofisi inamlipia hoteli ya kawaida karibu na stesheni, mimi namfuata wiki ya mwisho kwa hela zetu wenyewe sababu ndoa inatimiza miaka kumi na toka tuoane hatujawahi kusafiri wawili bila watoto na bila harusi ya mtu. Sasa katika kupekua pekua nikakutana na hii Hotel Des Indes iko mtaa unaitwa Lange Voorhout, jengo la 1858 lilikuwa nyumba ya baroni mmoja tajiri halafu 1881 likafunguliwa kama hoteli, picha zake jamani ngazi kubwa, nguzo za marumaru, mataa yanang'aa, nikashindwa hata kufunga simu. Bei niliyoiona ni euro mia tatu na ushee kwa usiku mmoja na chai ya asubuhi haimo humo. Baba Ilham kasema hiyo ni hela ya bati za banda la uani, na hajakosea.

Naomba aliyewahi kukaa pale au hoteli za aina hiyo anieleze kinacholipiwa hasa ni nini, maana kitanda ni kitanda. Na mji wenyewe naambiwa umepoa mno, saa tatu usiku barabarani kweupe, je kuna cha kufanya? Na mtu kama mimi na dera langu na begi la mkopo napokelewaje pale mlangoni? Msinicheke.

kisauni_boy
Kumbe kuna watu huenda Hague (ndio hiyo Den Haag) kwa hiari yao 😂😂 sisi huku Kenya ukisikia jirani anaenda Hague unauliza ana wakili ama anatafutiwa.

Lakini serious dada, ile korti ya kimataifa ya jinai, ICC, haiko karibu na hiyo hoteli, iko nje kidogo upande wa matuta ya mchanga, jengo jipya walihamia 2015. Ukiwa na kitambulisho unaingia bure kukaa upande wa wageni usikilize kesi kama siku hiyo kuna kikao cha wazi. Na watu huchanganya, ile kesi yetu ya mpaka wa bahari na Somalia iliyoamuliwa 2021 haikuwa hapo, ilikuwa korti nyingine kabisa, ile ya Umoja wa Mataifa inayokaa Peace Palace, jumba la 1913 lililojengwa kwa hela za Carnegie yule tajiri wa chuma wa Marekani. Hilo ndilo zuri la kupiga picha, kutoka hotelini ni kutembea kama dakika ishirini. Mume akisema mji hauna kitu mwambie huo ndio mji ambao marais wetu waliogopa kuutembelea.

fundi_vitanda
Mama Ilham waalaykum salaam. Mimi naishi mji huu na nimefanya kazi ya vyumba miaka kadhaa kwenye hoteli ya hadhi hiyo hiyo, jina naliweka pembeni maana bado nina rafiki zangu kule. Ngoja nikupe ya jikoni.

Unachouziwa si kitanda, unauziwa mikono ya watu. Kwenye hoteli ya kawaida mtu mmoja anapewa vyumba vingi kwa shifti moja, anavuta shuka anakunja kona anatoka mbio. Kwenye hizi za kizamani chumba kinachukua muda maana kuna mapazia mazito, shaba za kusugua, marumaru isiyotaka sabuni kali, na jioni kuna mtu anaingia tena kukufunulia kitanda, anafunga pazia, anaweka maji, anaondoka usimuone. Halafu kuna wa mlangoni, kuna konsiaji ambaye kazi yake ni kukutafutia tiketi na meza za mgahawa, wote hao mshahara wao umo kwenye hizo mia tatu zako. Sasa kama wewe ni mtu wa kuoga na kulala na asubuhi umeshatoka, umelipia watu usiowatumia. Kama utakaa, utaita chai chumbani, utamuuliza konsiaji maswali mpaka achoke, hela yako imefanya kazi.

Kitu ambacho watu hawaambiwi, majengo haya yalijengwa wakati ambao hakuna aliyefikiria kila chumba kuwa na bafu lake. Mabafu yamechomekwa baadaye, mabomba yamepitishwa palipopitika. Ndo maana unakuta vyumba viwili bei zinakaribiana, kimoja dari liko juu na dirisha refu linatazama miti ya mbele, kingine kimebanwa kwa nyuma unatazama ukuta. Usibuku kwa kubonyeza tu, waandikie barua pepe, sema ni miaka kumi ya ndoa, omba chumba cha mbele cha juu kama kipo. Risepsheni wana uhuru mkubwa kwenye kugawa vyumba kuliko mnavyodhani na mgeni aliyeandika vizuri anakumbukwa, hili nalijua kwa kuliona.

Siku pia zina maana. Den Haag ni mji wa serikali, mabalozi na mawakili, japo mji mkuu ni Amsterdam, kwa hiyo hoteli hizi hujaa Jumatatu mpaka Alhamisi na mara nyingi usiku wa Jumapili ndo bei inalegea. Ila umesema mwezi wa tisa, angalia sana Jumanne ya tatu ya mwezi huo. Siku hiyo mfalme anasoma hotuba ya kufungua mwaka wa bunge na bajeti inatoka, msafara wa farasi unapita hapo hapo Lange Voorhout, barabara zinafungwa, mji unajaa na bei zinaruka. Wengine wanalipa zaidi makusudi ili wawe karibu. Lile gari la farasi la dhahabu lenyewe hulioni, halijatumika tangu 2015, lilipelekwa matengenezo halafu likazuka zogo la ule mchoro wa ubavuni unaoonyesha watu wa makoloni wamepiga magoti wanatoa zawadi, siku hizi wanapanda la vioo.

Hela nyingine za pembeni: kodi ya watalii ya manispaa angalia kama imo kwenye bei au unailipa pale, na tangu mwanzo wa 2026 VAT ya malazi Uholanzi imetoka asilimia 9 hadi 21 kwa hiyo bei ulizosoma kwenye maoni ya zamani zisahau. Na ukifika wanashikilia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, haikatwi lakini huwezi kuitumia mpaka waiachie, na kwa kadi za benki zetu za nyumbani kuachiwa kunaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo usiende na kadi yenye salio la kubana. Bakshishi si lazima, ukiacha noti ndogo juu ya mto mtu wa chumba atakuombea dua.

La mlangoni usiliwaze kabisa. Wale wamezoea kupokea mabalozi na wake za mabalozi kutoka kila kona, dera lako kwao ni vazi la mgeni wa heshima. Begi wanalichukua hata hawaliangalii.

mzee_wa_hesabu
Jamani mbona mnampoteza dada wa watu. Euro 300 mara bei ya sasa ni hela ya ada ya mtoto. Usingizi ni usingizi. Nenda pale mchana mkanywe chai ya saa kumi kwenye ukumbi wao wa chini, hiyo ndo inawapa jina, mnaletewa vikeki na visendwichi vya ghorofa ghorofa, mnapiga picha kwenye ngazi, mnarudi kulala hoteli ya ofisi ambayo ni BURE. Picha hazisemi ulilala wapi.

Na kama ni majumba ya kale panda tramu namba 1 au 9 mpaka Scheveningen ufukweni, kuna jumba la hoteli linaitwa Kurhaus, lilifunguliwa 1885 mwaka uliofuata likaungua wakalijenga upya 1887, mnaingia mnanywa kahawa mnaangalia bahari. Siku hizi tramu unagusisha kadi ya benki tu unapopanda na unaposhuka, hamna mambo ya kutafuta tiketi.

bibi_karafuu
@mzee_wa_hesabu wewe ndo wale mkienda harusini mnahesabu nyama. Mtu ana miaka kumi ya ndoa unampeleka akapige picha kwenye ngazi na kuondoka kama kakimbizwa?

Mimi Mzanzibari niko huku miaka mingi, na kuhusu hoteli hiyo niseme hivi, zipo hoteli chungu nzima Ulaya zinadai historia, mradi tu kuna kiti cha zamani na picha ya mtu mwenye ndevu. Ile historia yake ni ya kweli. Mwaka 1899 ulipofanyika mkutano wa kwanza wa amani hapa Den Haag, ule uliozaa hizi sheria za vita na hatimaye hizo korti anazoziogopa kisauni_boy, baadhi ya wajumbe walifikia pale. Na Anna Pavlova, yule mcheza baleti wa Kirusi aliyejulikana dunia nzima kwa ile ngoma ya bata maji anayekufa, alifia humo humo tarehe 23 Januari 1931. Alikuja kwa maonyesho, akaingiwa na ugonjwa wa mapafu, na inasimuliwa kwamba madaktari walitaka kumpasua akakataa kwa sababu asingecheza tena. Alikuwa hajafika hamsini, na alizaliwa 1881, mwaka huo huo hoteli ilipofunguliwa. Mimi kila nikipita pale namkumbuka yeye kuliko mabaroni wote.

Halafu mama Ilham usidanganywe kwamba mji umepoa basi hauna ladha. Baada ya Indonesia kupata uhuru wake walihamia hapa maelfu ya watu kutoka visiwa vile, wakaja na vyakula vyao, ndo maana Den Haag unakula wali wa visahani visahani, sambal yaani pilipili ya kusaga, satei yaani mishikaki ya mchuzi wa karanga, na vyote hivyo pua ya mtu wa pwani inavijua. Wale ndio karafuu ilitoka kwao, na baadaye ikawa viwanda vyao vya sigara vinanunua karafuu za Zanzibar na Pemba kwa mameli, sasa ukikaa mezani nao mna ya kuzungumza. Na kuna Wasurinam, watu wa Surinam kule Amerika Kusini, roti zao na kuku wa mchuzi usizikose.

mama_ilham
Mashallah nimecheka na nimejifunza, ahsanteni sana. @fundi_vitanda umenifungua macho ya vyumba vya nyuma, nilikuwa nabonyeza kile cha bei ya chini kabisa 😅. @mzee_wa_hesabu baba Ilham kasoma ujumbe wako kwa sauti kubwa sebuleni.

Swali la halali sasa, hotelini pale nifanyeje? Na viza, je nikibuku hoteli kabla ya viza wakininyima hela inarudi?

bibi_karafuu
Hotelini waulize kabla kwa barua pepe hiyo hiyo ya chumba, kama hakuna nyama ya halali samaki na mboga havikosekani, na chai ya saa kumi waambie mapema hamtumii nguruwe wala pombe wakutengenezee vya kwenu, baadhi ya keki huwa zina pombe ndani. Chakula chenyewe cha kushiba teremka upande wa Haagse Markt, soko la wazi kubwa kweli kweli, liko Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Mihogo, ndizi za kupika, pilipili mbuzi, samaki, vitambaa, Waturuki na Wamoroko kila kona na mabucha ya halali. Usiku mmoja kwenye marumaru na mchana wake unapigania bei ya bamia, huo ndo mji wenyewe.

fundi_vitanda
Kwa viza chagua bei inayoruhusu kufuta bila kukatwa, ni ghali kidogo kuliko ile isiyorudishwa lakini ile ya pili ukinyimwa viza imekwenda. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 na bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, hizo zinaombwa kwa kila mtu. Na kwa kuwa mume anaombewa na ofisi, hakikisha barua zenu mbili zinataja tarehe zinazokubaliana, ofisa akiona mke kabuku hoteli moja na mume nyingine ataanza maswali ambayo hamkuyatarajia, weka maelezo mafupi kwamba usiku huo mmoja mnahamia pamoja.

mzee_wa_hesabu
Haya mimi nimeshindwa. Ila usiku MMOJA. Si mawili.

mama_ilham
Mmoja huo huo, Jumapili, siku mbili kabla ya huo msafara wa mfalme, baba Ilham kakubali kwa sharti kwamba asubuhi tunakunywa chai nje na sio hiyo ya hotelini ya kulipia pembeni 😂 Nimeshawaandikia kuhusu chumba cha mbele. Je Jumapili asubuhi tukifika mapema kabla ya saa ya kuingia mizigo wanapokea? Na tufanye nini mpaka chumba kiwe tayari?

fundi_vitanda
Mizigo wanapokea saa yoyote, hoteli za aina hiyo hata ukifika alfajiri hawakuachi na begi mkononi. Ukitua uwanja wa ndege wa Schiphol treni ya moja kwa moja mpaka Den Haag Centraal ni kama nusu saa, toka hapo mnatembea dakika kumi mpo mlangoni. Mkishaacha mizigo nendeni Mauritshuis, makumbusho ya michoro, ni karibu mno, ndogo, haichoshi, ndimo anamokaa yule binti wa hereni ya lulu aliyechorwa na Vermeer. Jengo la bunge la jirani yake mtalikuta limezungukwa na uzio, linakarabatiwa tangu 2021. Halafu rudini taratibu chini ya miti ya Lange Voorhout, Jumapili kabla baridi haijaingia huwa kuna soko la vitabu na vitu vya kale hapo hapo mbele ya hoteli, baba Ilham atapata cha kubishania bei.

kisauni_boy
Na ukimaliza tuletee picha ya hizo ngazi. Beba sweta lakini, upepo wa Scheveningen hauna adabu hata mwezi wa tisa.