Msaada jamani, mkorosho umekatika mzizi mkuu wakati wa kuuhamisha

Mjukuu_wa_Nanyamba
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba ushauri haraka maana huu mche nikiupoteza sina pa kuupata mwingine.

Iko hivi, bibi yangu alikua na mkorosho mmoja nyuma ya nyumba huku Nanyamba, korosho zake kubwa na mabibo yake matamu sana, mwaka juzi ukaungua moto ulioingia toka shamba la jirani wakati wanaandaa shamba. Bahati nzuri kabla ya hapo nilikua nimechukua vikonyo vyake (vitawi vya kupandikizia) nikabebesha miche minne, yaani nikaviunganisha juu ya miche mingine ya mkorosho, mitatu ikafa, ukabaki huu mmoja, nikaupanda uani na sasa umefika usawa wa kiuno. Sasa juzi kati hapa tumeanza kuchimba shimo la choo na fundi akasema mche upo pale pale panapotakiwa shimo, basi ikabidi niuhamishe kama mita kumi hivi. Nilizunguka taratibu na jembe, ila nilipofika chini nikasikia "ka!", kuangalia mzizi mkuu umekatika, unene wa kidole gumba, ndani mweupe na unatoa majimaji. Na kichanga chetu mnakijua, nilipounyanyua udongo wote ukapukutika mizizi ikabaki wazi.

Leo siku ya tisa. Mvua zimekata, jua kali, majani yananing'inia na mawili ya chini yameshakauka pembeni. Namwagilia ndoo nzima asubuhi na nyingine jioni. Jirani kaniambia niweke mbolea ya kukuzia. Nifanyeje?

Chande_Masasi
Pole sana mkuu. Weka urea kijiko kimoja cha chakula alafu mwagilia, utachipua fasta. Mi mahindi yangu yakinyong'onyea ndo nafanyaga hivyo.

Mama_Viriba
Chande mdogo wangu, hapana, tafadhali usimwambie hivyo. Mahindi yako yana mizizi yote, huyu mche wake umekatwa. Mbolea ya chumvichumvi ukiiweka kwenye mizizi yenye vidonda inafanya maji ya pale chini yawe magumu kunyonywa na ikizidi inaunguza hata ile mizizi michache iliyobaki. Mjukuu usiweke urea, usiweke mbolea ya DAP, usiweke samadi mbichi, mpaka uone majani mapya yamekomaa.

Mi natunza miche Newala huu mwaka wa kumi na moja na nikwambie ukweli, mkorosho haupendi kuhamishwa. Ndo maana sisi tunaipeleka shamba ikiwa bado midogo ndani ya kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea, miezi miwili mitatu, ukichelewesha mzizi mkuu unafika chini unaanza kujikunja. Wako ulikua umeshashuka chini sana. Lakini haujafa. Shida yako ni kwamba juu kuna majani ya mche mzima na chini kuna mizizi ya nusu mche, majani yanapoteza maji mengi kuliko mizizi inavyoleta. Kwa hiyo punguza matumizi ya juu na huku chini uache utulivu mizizi midogo ijitengeneze.

Cha kwanza kivuli. Leo leo. Mwezi huu wa pili jua la huku kwetu linapita utosini kabisa, kwa hiyo usiweke makuti upande mmoja tu, simika miti minne utengeneze dari dogo la makuti juu, na upande wa magharibi ushushe makuti mpaka chini maana jua la saa tisa ndo linaua. Uache hewa ipite. Pili funga mche kwenye vigingi viwili, kamba isikaze, upepo ukiwa unautikisa kila siku vile vimizizi laini kama nywele vinakatika vikiwa vinaanza tu.

Alafu nijibu hili, asubuhi saa kumi na mbili majani yanakuaje? Yamesimama au bado yamelala?

Mjukuu_wa_Nanyamba
Asante sana mama. Asubuhi yanakua yamenyanyuka, sio yote ila mengi, kuanzia saa nne ndo yanaanza kulala tena.

Mama_Viriba
Alhamdulillah. Basi mizizi inafanya kazi, usiku inawahi kujaza kilichopotea mchana. Yangekua yamelala hata alfajiri ningekua na wasiwasi zaidi.

Kibo_wa_Mikindani
Kwenye maji naomba niongeze. Ndoo mbili kila siku ni nyingi kwa mche ulioumia, kidonda cha mzizi kikikaa kwenye matope kinaoza, nao mzizi unahitaji hewa. Ingiza kidole ardhini mpaka kiungo cha pili, ukikuta ubichi usimwagilie siku hiyo. Mi ningetumia chupa mbili za maji za lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa msumari mdogo, chimbia kichwa chini pembeni ya mche, maji yanadondoka polepole yanafika chini badala ya kukimbilia kwenye kichanga. Weka na matandazo ila yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja, mchwa wa huku ukiwawekea majani makavu kwenye shina lenye udhaifu wanaanza na majani wanamalizia na mche.

Na majani makubwa yakate nusu.

Sheha_Lindi
Hapo kwenye kukata majani sikubaliani sana kaka Kibo. Jani ndo jiko la mche, chakula cha kutengeneza mizizi mipya kinatoka huko. Wengi wananyoa mche wote ubaki fimbo alafu unakaa mwezi hauna nguvu ya kuchipua. Akishaweka kivuli kizuri atoe yaliyokauka tu, na yale mapana sana ndo akate nusu, manne matano basi. Machanga ya juu asiguse.

Kibo_wa_Mikindani
Sawa, nakubali, kivuli kwanza alafu aangalie siku tatu.

Binti_Tandahimba
Nimesikia maji ya dafu yanasaidia kutoa mizizi, ni kweli?

Mama_Viriba
Mdogo wangu wanaoyatumia ni wa maabara, kwenye vichupa visafi. Ukimwaga shambani ile sukari inaita sisimizi. Dafu anywe mwenyewe apate nguvu ya kubeba makuti.

Sheha_Lindi
Mjukuu kuna kitu hakijasemwa. Huo mche ndo uzao pekee wa mti wa bibi, usiuache uwe mmoja. Sasa hivi usikate kikonyo, mche umechoka hakitashika. Ila anza kuotesha miche ya chini, ile itakayobebeshwa vikonyo. Chukua korosho nzito, zitumbukize kwenye maji, zinazoelea achana nazo, zilizozama ndo uoteshe kwenye viriba, sehemu iliyokua imeshikana na bibo iangalie juu. Kwa miezi miwili hivi inafikia kubebeshwa. Mche wako ukishapona na kutoa matawi yenye unene wa penseli, ondoa majani kwenye kikonyo, acha wiki moja mpaka siku kumi jicho livimbe, ndo ukate. Bebesha hata kumi. Kama mkono hauna uhakika nenda pale TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wale kazi yao ni korosho, uliza wakuelekeze.

Mjukuu_wa_Nanyamba
Hili sikuliwaza kabisa. Nimeweka viriba kumi na tano leo jioni.

Mjukuu_wa_Nanyamba
Wakuu narudi na mrejesho, leo siku ya 34. Wiki ya pili majani karibu yote yalidondoka nikajua basi, bibi mwenyewe akaja akakaa pale kwenye kigoda akaangalia tu hakusema kitu. Nikakwangua gome kwa ukucha kidogo sana, juu kwenye ncha nikakuta kahawia, nikashuka, usawa wa goti nikakuta kijani kibichi kabisa kina unyevu. Nikaacha. Sikuongeza maji, sikuweka kitu, ijapokua mkono ulikua unawasha kuweka chochote. Mvua zikarudi.

Leo asubuhi nimeona vijicho viwili, vyekundu vyekundu, ukubwa wa punje ya mtama. Kimoja kipo juu ya kovu la kubebeshea, kingine chini yake kama vidole vitatu hivi na hicho cha chini ndo kina nguvu zaidi. Bibi anasema nisikiguse kwa sababu mche umeteseka, niuache uote unavyotaka. Niache vyote?

Mama_Viriba
Nimefurahi mpaka machozi. Mpe bibi shikamoo yangu, ila kwa hilo muombe radhi. Kinachotoka chini ya kovu sio mkorosho wake, ni wa ule mche uliobebeshea, na kitanyang'anya chakula chote cha juu. Kiondoe leo kwa kidole kikiwa bado laini, usisubiri kiwe tawi ukaja kutumia kisu. Cha juu ndo cha bibi. Na kivuli usitoe bado, toa kuti moja moja kila baada ya siku kadhaa.

Mjukuu_wa_Nanyamba
Nimekitoa, bibi akiwa anaona. Ameniuliza viriba vimeota vingapi, nikamwambia tisa.