Nahamia Kisumu kutoka Mwanza na watoto wawili: tukae mtaa gani?

Mama wa Wawili, Mwanza

Habari zenu. Mwajiri wangu ananihamishia Kisumu kuanzia Januari kwa mkataba wa miaka mitatu, na nitakuja na mume wangu pamoja na watoto wetu wawili. Mkubwa ana miaka 11 na yuko darasa la tano katika shule ya serikali hapa Mwanza. Mdogo ana miaka minne. Ofisi iko katikati ya jiji. Mfanyakazi mwenzangu ananisifia Milimani, wakala anasisitiza Riat kwa sababu ya mandhari ya ziwa, na binamu wa mume wangu anasema Nyalenda itatupunguzia kodi kwa nusu. Ziwa na mbu nimekulia navyo, havinitishi. Ninachotafuta ni mahali ambapo watoto wanaweza kucheza nje hadi jioni, na kufika shuleni bila kuamshwa saa kumi alfajiri.

Mkazi wa Migosi

Karibu sana, dada. Kwa maoni yangu umeanza na nyumba ilhali ungeanza na shule. Huyo mkubwa amezoea kusomeshwa kwa Kiswahili, na huku kuanzia gredi ya nne masomo hufundishwa kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Tena shule ya msingi inakoma gredi ya sita, ambapo kuna tathmini ya kitaifa, kisha mtoto anaingia sekondari msingi. Akiingia gredi ya sita moja kwa moja atakuwa na mwaka mmoja tu wa kujipanga. Mtafute kwanza mwalimu mkuu atakayekubali kukaa naye na kumpima, hata kama itabidi arudie gredi ya tano, ndipo utafute nyumba upande huohuo wa jiji.

Milimani ni pazuri, kuna nyua kubwa zenye miti na mjini ni karibu, ila kodi yake ni nzito. Hapa Migosi nimekaa miaka tisa. Watoto wangu huendesha baiskeli ndani ya geti hadi taa za barabarani ziwake. Jambo moja nikuambie waziwazi: njia tunayoizoea ya kwenda mjini hupitia makutano ya Kondele, na siku za maandamano makutano hayo ndiyo hufungwa mapema. Mkataba wako utaukuta uchaguzi wa Agosti 2027, kwa hiyo jiulize watoto watarudije nyumbani siku kama hiyo.

Baba Pacha

Kuhusu Nyalenda, nilikaa huko mwaka mmoja, upande wa Mto Auji. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya nilipoingia. Mvua za Aprili zilipoanza, rangi ya sebuleni ilibabuka kwa mstari mnyoofu, kimo cha goti langu, kuta zote nne, nami nikaelewa maji yalikuwa yamefika wapi kabla yangu. Usiku wa tatu tulipandisha magodoro juu ya meza, na jirani akambeba binti yangu mgongoni hadi barabarani. Watu wa pale ni wema, na ziko ploti zilizoinuka ambazo hazifikiwi na maji, lakini usitoe amana kabla hujazunguka nyuma ya nyumba, ambako hakuna anayehangaika kupaka rangi, ukautazama ukuta. Dunga, kule ufukweni, pia uichunguze hivyo, kwa sababu mwaka 2020 ziwa lilipojaa liliingia hadi kwenye makazi.

Mama wa Wawili, Mwanza

Asanteni, mmenifungua macho, hasa kuhusu shule. Je, Riat kukoje? Nilipanga kuja kutazama nyumba kwenye likizo ya Desemba.

Mwalimu wa Riat

Upepo na mandhari ni kweli tupu. Hata hivyo, kwangu maji ya mfereji hayapandi kila siku, hivyo tunanunua ya boza, na swali la kwanza kumuuliza mwenye nyumba ni tangi lake linachukua lita ngapi na linahudumia nyumba ngapi. Basi la shule huwachukua wanangu saa kumi na mbili kasorobo. Ukiwa na mtoto wa miaka minne, mimi nisingekushauri.

Desemba usije, mama. Shule zitakuwa zimefungwa, maana muhula wa tatu huisha kabla ya Novemba. Njoo mwanzoni mwa Oktoba kwa basi la kupitia mpaka wa Sirari, ulale siku mbili, na siku ya shule usimame kwenye geti la mtaa unaoupenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha urudi hapo saa kumi na mbili jioni. Tazama kama watoto wadogo wanatembea wenyewe au kila mmoja ameshikwa mkono.

Mama wa Wawili, Mwanza

Basi nitaomba ruhusa kazini wiki ya kwanza ya Oktoba, na mkubwa nitakuja naye ili mwalimu mkuu ampime.