Naombeni ushauri: mashuka ya mtu anayesikia joto sana usiku

Habari zenu wapendwa. Mume wangu akilala hutokwa jasho mno. Usiku wa manane ukigusa shuka upande wake, limelowa na kumganda mgongoni. Tunayotumia ni mchanganyiko wa pamba na poliesta; ni laini, hayajikunji, lakini poliesta hainyonyi jasho. Madirisha tunafungua, blanketi tumeondoa, feni inazunguka hadi asubuhi. Nafuu ni ndogo.

Sasa nataka ya pamba tupu, na hapo ndipo nimekwama. Kuna yaliyofumwa uzi mmoja juu mmoja chini, ukiyashika ni makavu kama shati lililopigwa pasi. Kuna na ya satini ya pamba, yanateleza vizuri, ila nayaona mazito. Muuzaji anasisitiza nyuzi 800 na kuendelea kwa kila inchi ya mraba ndiyo ubora. Mimi nina wasiwasi: nyuzi zikibanana hivyo, hewa itapita wapi?

Mliowahi kutumia, kwa mtu wa jasho ufumaji upi unafaa, na nyuzi ngapi zinatosha? Na kitani, kweli hulainika kikifuliwa mara kwa mara? Ngozi yake huwashwa upesi, ndiyo maana naogopa kubahatisha.