Gemu ya watoto imefutwa: hasara au salama?

Mjukuu wa Malindi: Ile gemu ya kufundisha watoto herufi, mtoto anaendesha ngalawa kutoka Mkoani, Pemba, mpaka bandari ya Malindi, Unguja, huku akiokota herufi baharini, imefutwa. Mfadhili kajitoa, vijana wamebaki na kazi nusu. Mie naona hasara. Nyie mwasemaje?

Baba Wawili: Hasara gani? Mtoto akitoka skuli aende chuoni kusoma Kurani, akirudi acheze nage. Macho yote yamekwisha kwa simu za mama zao. Na huko Pemba nani angeicheza, simu yenyewe waichaji wapi?

Konde Juu: We Baba Wawili, usituchezee. Umeme wa gridi tunao tangu 2010, waya umepita chini ya bahari kutoka Pangani. Nyie wa Unguja ndio mliokaa kiza miezi 3, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wenu ulipokufa. Sie wakati huo mashine zetu za umeme za Wesha zinanguruma, tunakunywa maji baridi.

Baba Wawili: Mwaka ule nilikuwa huko kwenu Chake, usitake nianze kusema.

Mama Nuru: Turudini kwenye gemu jamani. Mwanangu aliijaribu walipoileta skuli kwao. Ikatokea picha nyekundu, chini yake T, N na P. Akabonyeza T, tungule. Ikalia mlio kama punda aliyekanyagwa! Mtoto kanitazama, midomo inamcheza. Gemu ya Zanzibar inataka "nyanya"? Bora imekufa.

Fundi Simu: Kwani nyanya si Kiswahili? Yale mashindano ya XPRIZE, ya programu za kufundisha watoto kusoma, kule Tanga, yalomalizika 2019, tableti ziligawiwa vijiji kama 170 na watoto wakajifunza kusoma kwa Kiswahili sanifu. Na zile programu zimeachwa wazi, mtu achukue bure. Tungezichukua badala ya kungoja mfadhili.

Mama Nuru: Na hiyo sanifu imetoka wapi? Mombasa 1928 wamekaa kikao wakachagua Kiunguja. Lugha mchukue kwetu, halafu mwanangu aambiwe kakosea tungule!

Konde Juu: Kiunguja, eti. Sie Wapemba siku zote ni abiria. Na Baba Wawili bado hajajibu la waya.

Mkono wa Wino: Assalaam alaykum. Ile picha niliichora mie. Ni pilipili boga. Jibu lilikuwa P.

Mama Nuru: Pilipili boga ya duara? Haina hata kikonyo?

Mkono wa Wino: Kikonyo tulikiacha kwa toleo la pili. Ndio pesa zikaisha.

Fundi Simu: Kumbe mfadhili alikuwa na macho.

Mjukuu wa Malindi: Jamani, niliuliza hasara au si hasara.

Konde Juu: Baba Wawili, nakungoja.

Baba Wawili: Nilishaandika jibu refu, umeme ukakatika.