Tumelipa laki mbili na nusu kuandikiwa nota za bendi, tumepewa takataka. Watu wa Tanga njooni hapa

Wakuu habari za mida hii. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa vinanda vya mtumba, hili ni jambo lingine kabisa na leo sina subira.

Sisi ni bendi ya harusi na mahoteli hapa Tanga mjini. Kinanda, magitaa mawili, besi, dramu na waimbaji. Siku zote tunapiga kwa masikio, na wala hatuoni haya, mji huu umetoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, hatuhitaji mtu atufundishe kuwa muziki unakaa kichwani. Ila safari hii mwenye shughuli alitaka wapulizaji: tarumbeta mbili, alto saksafoni na tromboni. Hatuna wa kudumu. Tukakodi. Tarumbeta na tromboni ni wazee waliostaafu bendi za brasi, watu wanaosoma nota kama unavyosoma gazeti. Alto ni kijana, anasoma, ila yeye anapiga kilichoandikwa, basi. Wapulizaji wa kukodi huwezi kuwaita mazoezi kila jioni, nauli tu itakufilisi. Unawawekea karatasi mbele, mnahesabu, mnapiga. Ndiyo kazi ya nota hiyo.

Tukampata fundi wa kuandika nota kwa kompyuta, sitaji jina lake wala mtaa wake. Tukampelekea nyimbo tano, nyingine za kurekodi kwa simu mpiga kinanda wetu akipiga. Bei laki mbili na nusu, na ndani ya hiyo kaandika "leseni ya programu, 50,000". Tukalipa kwa simu siku ileile, kwa sababu alisema bila leseni hawezi kuprinti.

Sasa sikilizeni.

Ukumbi upo Raskazone, tumefika mapema kupima vyombo. Wazee wamekaa, upepo wa bahari unapeperusha karatasi, tumebana na vibanio vya nguo. Wimbo wa kwanza ni chakacha, kii ya F, yaani wimbo umejengwa juu ya nota F. Nikahesabu. Wakuu, kilichotoka pale hata mpishi aliyekuwa jikoni alitoka nje kuangalia. Kinanda na besi wako F. Tarumbeta wanalia E flati. Alto analia A flati. Tromboni peke yake ndiye aliye nasi, na yeye anahangaika kwa sababu ameandikiwa ufunguo wa G, ule wa sauti za juu, wakati tromboni husoma ufunguo wa F, wa sauti za chini, nota zimening'inia chini ya mistari kama nguo zilizoanguka kambani.

Mzee wa tarumbeta akavua miwani, akanionyesha juu ya karatasi yake. Imeandikwa "Piano 3".

Nikampigia fundi simu palepale. Jibu lake: "Kaka, mbona kwenye kompyuta inalia vizuri?"

Hapo ndipo nilipoelewa tumepigwa. Kwa wasiojua: tarumbeta ya kawaida ni ya B flati. Mpulizaji akisoma C, sikio linasikia B flati. Alto ni ya E flati, akisoma C inasikika E flati. Kwa hiyo wimbo ukiwa F kwenye kinanda, karatasi ya tarumbeta inaandikwa kwenye G na ya alto kwenye D. Kila programu ya nota inalijua hilo, unaiambia tu kwamba mstari huu ni wa tarumbeta, ule wa alto, inahamisha kii yenyewe. MuseScore, mojawapo ya programu hizo, ina kitufe cha "Concert pitch" chini ya skrini: ukikiwasha unaona kila chombo kwenye kii ya kinanda ili upange sauti zako kwa urahisi, ukikizima unaona anachotakiwa kusoma mpulizaji. Unakizima, ndipo unaprinti. Sasa huyu wetu hata kitufe hakina kosa. Mistari yote ameiacha piano. Programu itahamisha nini kwa piano? Na kwenye spika itasikika sawa, ndiyo, kwa sababu ni piano nne zinapiga F!

Na hiyo MuseScore yenyewe ni ya bure. Narudia kwa herufi kubwa: NI YA BURE. Unaipakua, unaiweka kwenye kompyuta, unaprinti mpaka wino uishe, hakuna wa kukuuliza leseni. Kinacholipiwa ni ule mtandao wao wa kupakulia nota za watu wengine, nao hauhusiani na programu. Kuna programu za kulipia, Sibelius na Dorico, sikatai, ila faili alilotufungulia kwenye skrini yake lilikuwa la MuseScore, nimeliona kwa macho yangu. Sasa elfu hamsini ilikwenda kwa nani?

Tuendelee, maana kii ni mwanzo tu.

Hakuandika nota huyu mtu. Alichofanya, amepitisha zile rekodi zetu kwenye programu ya kugeuza sauti kuwa MIDI, yaani faili la kuiambia kompyuta nota ipi ipigwe na lini, akaifungua MIDI kwenye MuseScore, akatoa PDF, akala hela. Ushahidi upo kwenye karatasi. Chakacha ni 6/8, mapigo sita kwa kila mzani (kile kipande kati ya mistari miwili ya wima), mtoto wa Ngamiani hapa mjini anaicheza kabla hajajua kuhesabu. Karatasi inasema 4/4, mapigo manne. Kwa hiyo kila mzani umejaa tripleti, nota tatu zilizobanwa ndani ya pigo moja, vijibano vya 3 vimetapakaa juu na chini. Halafu mpiga kinanda wetu alirekodi bila metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kama binadamu yeyote, anakimbia kidogo kwenye kiitikio. Kompyuta haijui kwamba amekimbia, imeandika hivyohivyo alivyokimbia: nota moja ndefu imekatwa vipande vitatu, kimoja robo, kimoja kama sehemu ya thelathini na mbili, vimeunganishwa na pinde, mbele yake kapumziko kadogo kasiko na maana. Mzee wa tromboni ameitazama ile mizani, akauliza, "Mwanangu, hii ni nota au ni ramani ya mwambao?"

Fundi anayejua kazi, MIDI anaitumia kama rasimu tu. Anasikiliza, anaamua hapa mpigaji alikusudia nini, anaandika upya. Muda mwingi unakwenda kwenye kusafisha tu.

Kuna mahali kampa alto nota iliyo chini ya B flati ya chini kabisa ya chombo. Haipo. Alto haina tundu hilo. Na tarumbeta ya kwanza kapewa wimbo mzima bila pumziko hata moja, juu kabisa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu ule mkono wa kulia wa kinanda haukupumzika. Kompyuta haina midomo, mzee wa watu anayo, tena ya miaka mingi.

Karatasi zenyewe: kurasa za kugeuza zimeangukia katikati ya mstari wa kupuliza, wakati mbele kidogo kulikuwa na mizani minane ya waimbaji tu, angegeuzia hapo. Hakuna A wala B ya kuonyesha ubeti unapoanza, kwa hiyo nikitaka kusema "turudi kwenye kiitikio" hatuna jina la mahali. Marudio hayakuwekwa alama, ameandika beti zote tatu mfululizo, karatasi saba kwa mtu mmoja. Maneno ya waimbaji ameyakata ovyo, "mpenzi" kaigawa nota mbili badala ya m-pe-nzi, lakini hilo nimesamehe, waimbaji wetu wanayajua kwa moyo.

Harusi ilipita. Tarumbeta wakahamisha kwa kichwa, toni nzima juu kwa kila nota (F wanaipiga G), vigogo wale. Kijana wa alto tukamwambia apige kwa masikio nyimbo mbili, tatu zilizobaki akae.

Kilichonikera kuliko vyote ni cha mwisho. Nimemwomba faili la MuseScore lenyewe, nitafute mtu alisafishe. Kakataa, anasema "hiyo ni mali ya studio". PDF ni kama picha tu, wakuu, huwezi kuihamisha kii moja kwa moja. Rekodi ni zetu, hela ni yetu, mali ya studio imetoka wapi? Yeyote anayelipia nota adai faili na nakala ya MusicXML, aina ya faili la nota ambalo programu karibu zote zinalifungua. Wenye mafaili ya Finale, programu nyingine ya nota, wanajua maumivu: Agosti 2024 wenyewe walitangaza wanaacha kuiendeleza, baada ya miaka 35, na watu wakaanza kuhangaika kuokoa kazi zao kwa kuzitoa kama MusicXML.

NYONGEZA: Naona majibu. Anayesema "wapulizaji wa kweli hawahitaji nota", njoo wewe upige na watu uliokutana nao saa nne asubuhi, bibi harusi anaingia saa mbili usiku. Anayesema tutumie akili mnemba, ndugu yangu, soma tena uzi, hiyo ya kugeuza sauti kuwa MIDI ndiyo iliyotufikisha hapa. Anayesema laki mbili na nusu kwa nyimbo tano ni ndogo ndiyo maana tumepata kazi mbovu: inawezekana ni ndogo, basi angekataa kazi au angetaja bei yake, hakulazimishwa.

Natafuta mtu, Tanga au hata Muheza, anayeandika nota za wapulizaji kwa kusikiliza. Nyimbo nne, shughuli ijayo ipo Pangani mwezi ujao. Weka bei hapa au njoo PM, weka na mfano wa karatasi ya alto uliyowahi kuandika, niione kii yake kabla hatujaongea hela.

Na wewe fundi, najua unasoma humu. Elfu hamsini ya leseni irudi kwenye namba ileile iliyokutumia.