Kwa nini Marekani watu wakiuawa wengi kwa risasi, bunduki ndo zinanunuliwa zaidi?

BintiMwanahawa:

Habari zenu wakuu. Nina swali linanisumbua muda mrefu, naomba wenye uelewa mnisaidie na tusitukanane.

Mdogo wangu anaishi Ohio, ana mke na watoto wawili, wa kwanza ana miaka tisa na wa pili mitano. Lilipotokea lile la Uvalde kule Texas Mei 2022, watoto 19 na walimu wawili wakauawa shuleni, nilimpigia tukalia wote kwenye simu maana mkubwa wake ndo alikuwa anakaribia kuanza shule. Haikupita hata mwezi ananiambia kanunua bastola. Nikamuuliza ya nini, akaniambia "dada, watu kazini wanasema serikali itazizuia, bora niwe nayo kabla." Nikakosa la kusema.

Tangu hapo nimekuwa nasoma soma na nagundua siyo yeye tu, inasemekana ni kawaida kabisa kule, msiba mkubwa ukitokea maduka ya bunduki yanajaa. Mimi akili yangu inaniambia mtu akishaona majeneza ya watoto ataichukia hiyo kitu, sasa inakuwaje mtu anatoka kwenye tivii kuangalia mazishi anaenda kupanga foleni dukani? Ni woga? Ni hasira? Naombeni mnieleweshe.

Mlowezi_TX:

Dada pole sana, na asante kwa kuuliza hivi maana wengi wanaishia kusema Wamarekani wamechanganyikiwa basi.

Mimi niko Texas toka 2009 na wakati wa Sandy Hook, ile shule ya Newtown, Connecticut, Desemba 14, 2012, watoto 20 na watu wazima sita, nlikuwa nafanya kazi kwenye duka moja kubwa la vifaa vya kuwinda na kuvua samaki. Siyo kaunta ya bunduki, nlikuwa napanga bidhaa kwenye mashelfu upande wa risasi. Nilichokiona miezi ile sijakisahau. Zile risasi ndogo za .22, ambazo watu wanatumia kulenga makopo na kuwinda sungura, za bei rahisi kuliko zote, ziliisha na zikaendelea kuisha mwaka mzima na zaidi. Lori likishusha saa moja asubuhi watu wameshasimama nje, meneja akabandika karatasi kwa gundi kwenye shelfu kwamba kila mteja ni boksi tatu, baadaye mbili, baadaye moja. Nikimaliza kupanga nikigeuka nyuma shelfu jeupe.

Kuna mzee mmoja alikuja Januari akachukua magazini nne za risasi 30 (vile visanduku vya kujazia risasi kwenye bunduki), akaniambia mwenyewe bila kuulizwa kwamba nyumbani ana bunduki saba tayari. Nikamuuliza sasa hizi za nini mzee wangu. Hakutaja mwizi, hakutaja jambazi, hakutaja shule hata kidogo. Alitaja Washington, yaani serikali. Akasema "mwaka 1994 nilichelewa, safari hii sichelewi."

Hiyo 1994 ndo ufunguo wa swali lako. Mwaka ule ilipitishwa sheria ya kuzuia kutengeneza na kuuza baadhi ya bunduki za mtindo wa kijeshi pamoja na magazini za zaidi ya risasi 10, ikadumu miaka kumi ikafa 2004. Lakini iliacha kitu kimoja: uliyokuwa nayo kabla ya sheria ni halali yako, unaendelea nayo, na unaweza hata kuiuza. Kwa hiyo waliowahi walinufaika, na magazini za zamani zikapanda bei vibaya sana. Watu walijifunza somo hilo na wakawafundisha watoto wao. Kwa hiyo mdogo wako alipoambiwa kazini "wataziondoa", amesikia kitu ambacho wenzake wamekibeba miaka thelathini.

HesabuNdogo:

Mlowezi umeeleza vizuri, naongezea namba maana hapa namba zinaongea zenyewe.

Marekani hakuna daftari la taifa la mauzo ya bunduki, kwa hiyo wanaotafiti wanaangalia ule mfumo wa FBI, polisi wa upelelezi wa taifa, unaoitwa NICS, ambapo ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni unajaza fomu halafu wanacheki rekodi zako kama una kesi au zuio. Kucheki siyo sawa na kuuza moja kwa moja, mtu anaweza kuchekiwa mara moja akabeba bunduki mbili, na kuna majimbo mtu binafsi anamuuzia mwenzake bila kuchekiwa popote, ila kwa kuangalia kupanda na kushuka inatosha.

Desemba 2011 walichekiwa karibu milioni 1.9. Desemba 2012, mwezi wa Sandy Hook, karibu milioni 2.8. Desemba 2015, mwezi wa San Bernardino ambako waliuawa watu 14, ikafika milioni 3.3. Unaweza kusema basi msiba ndo unasukuma. Lakini subiri.

Oktoba 1, 2017 Las Vegas, mtu akiwa hotelini juu anafyatulia watu kwenye tamasha la muziki, waliokufa walifika 60 ukihesabu waliokuja kufa kwa majeraha baadaye. Ndo kubwa kuliko yote la mtu mmoja katika historia ya sasa ya Marekani. Kama woga wa kuuawa ndo unanunua bunduki, mwezi ule ungevunja rekodi. Haikuwa hivyo, ukaguzi wa Oktoba 2017 ulikuwa CHINI ya Oktoba 2016. Tofauti ni nini? Ikulu alikuwa Trump na Bunge lote kwa chama chake, hakuna aliyeamini kwamba bunduki zitazuiwa. Ila kitu kimoja kiliisha madukani baada ya Las Vegas, kile kitako cha kubandika kinachofanya bunduki ya kawaida ifyatue karibu kama ya mfululizo, maana yule mtu alikitumia na wanasiasa wakaanza kukitaja kwamba kipigwe marufuku. Yaani watu walinunua kile tu kilichotishiwa.

Na baada ya Sandy Hook Obama alisimama Januari 2013 akatangaza mapendekezo, Aprili ile hoja ya kupanua ukaguzi wa rekodi ikapigiwa kura Seneti ikapata 54 kwa 46 na ilihitaji 60, ikaanguka. Miezi minne ya maneno, sheria ya taifa hakuna, bunduki zimeshauzwa.

Mwana_Tasnia:

Msisahau na pesa wakuu. Orlando, Juni 2016, watu 49 waliuawa klabu usiku wa kuamkia Jumapili, Jumatatu soko la hisa lilipofunguliwa hisa za Smith & Wesson na Ruger, kampuni za kutengeneza bunduki, zilipanda. Hao wawekezaji hawakusubiri mauzo, walishajua mzunguko. Na mambo yalipotulia chini ya Trump ikawa kinyume, mauzo yakalegea, Remington ambayo ni kampuni kongwe kabisa ya bunduki ikaomba ulinzi wa ufilisi Machi 2018. Kwa hiyo kuna watu kila siku wana sababu ya kukukumbusha kwamba kesho utanyang'anywa.

AfandeMstaafu:

Naheshimu mchango wenu vijana lakini mnampunja huyu dada nusu ya jibu. Mnasema woga wa sheria tu, haya, na Machi 2020 mbona ukaguzi ulifika milioni 3.7? Kulikuwa na mjadala gani wa sheria? Ulikuwa ugonjwa, mashelfu ya chakula matupu, watu wanaona dunia inafunga. Mwaka ule wote ulikaribia milioni 40. Mtu akihisi hakuna wa kumsaidia anatafuta cha kushika mkononi, hiyo ni asili ya binadamu.

Na hapo hapo Uvalde. Walifika askari zaidi ya 370 kwa jumla, na ilipita dakika 77 kabla hawajaingia kumkabili yule mtu. Mimi nimevaa sare miaka 26 na habari ile iliniumiza mpaka leo, wazazi wako nje wanalia wanazuiwa kuingia. Mzazi aliyeangalia video ile akasema moyoni "mimi sina polisi wa kunisaidia", huyo simlaumu. Dada, usimhukumu mdogo wako haraka, huenda alikwambia habari ya sheria kwa sababu ni rahisi kuitamka kuliko kusema "dada nimeogopa."

HesabuNdogo:

Afande nakubali kabisa, 2020 ni ya woga wa aina yake na sikatai. Hata baada ya San Bernardino mjadala ulikuwa wa ugaidi na wa sheria kwa pamoja, huwezi kuvitenganisha vizuri. Ila ukiuliza kwa nini BAADA ya tukio la risasi hasa, Las Vegas inaniambia bila tishio la sheria mruko hauji au unakuja mdogo.

Angalia na nchi nyingine. Australia, Port Arthur, Aprili 1996, wakafa 35. Ndani ya siku 12 serikali zao zikakubaliana, na sheria iligusa hata zile ulizonazo tayari: unaleta, unalipwa fidia, inaharibiwa. Zilikusanywa karibu 650,000. Ukiwahi kununua hupati faida yoyote kwa sababu utairudisha. New Zealand baada ya mauaji ya Christchurch, Machi 2019, waziri mkuu alitangaza marufuku siku ya sita na mchana uleule bunduki hizo zikahamishiwa daraja gumu kuzipata, ili watu wasikimbilie madukani. Walijua hili tunaloliongelea. Marekani wanatangaza kwanza, wanabishana miezi, na ulichonacho kinabaki chako. Hapo lazima watu wakimbie.

BintiMwanahawa:

Afande umenigusa, inawezekana kweli aliogopa akashindwa kuniambia. Mlowezi nimekuelewa. Swali langu la mwisho: sawa wamenunua, wengine hawajawahi hata kushika, sasa hizo bunduki zikishaingia nyumbani inakuwaje?

HesabuNdogo:

Dada hili nilikuwa nasita kulileta ila umeuliza. Kuna wachumi wawili wa chuo cha Wellesley walitoa utafiti kwenye jarida la Science mwaka 2017 kuhusu miezi mitano baada ya Sandy Hook. Walikadiria bunduki kama milioni 3 za ziada ziliuzwa, yaani juu ya zile ambazo zingeuzwa hata hivyo. Wakaangalia hata watu wanatafuta nini kwenye intaneti, siyo "kununua bunduki" tu, na "kusafisha bunduki" ilipanda, maana yake hata za zamani zilitolewa kabatini zikawekwa mezani. Halafu wakahesabu vifo vya ajali ya risasi kipindi hicho. Vilizidi kwa kama 60, na kati yao karibu 20 ni watoto.

Idadi ya watoto ni ileile ya Newtown karibu. Hao hakuna tivii iliyowaonyesha wote pamoja, kila mmoja alifia nyumba yake, jimbo lake, wiki yake.

BintiMwanahawa:

Nimesoma hiyo nikashindwa kulala, nikampigia usiku uleule, kule ilikuwa jioni. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu iko wapi. Akasema juu ya kabati la nguo, kwenye boksi la viatu, ina risasi ndani maana "ikitokea kitu sitakuwa na muda." Nikiwa bado namsikiliza nikasikia kile kidogo cha miaka mitano kinauliza nyuma, "baba ni ile ya kwenye boksi la viatu?"

Alinyamaza. Na mimi nikanyamaza. Akasema dada nitakupigia.

Mlowezi, wewe uko huko na ulifanya kazi kwenye maduka hayo, niambie afanye nini leo, siyo mwezi ujao.

Mlowezi_TX:

Dada, leo hii hii: atoe risasi zote, na ile iliyo ndani ya chemba pia, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, watu wengi wanatoa magazini wanasahau ya kwenye chemba na hiyo ndo inaua. Risasi zikae chumba kingine na zifungiwe. Halafu aangalie kwenye boksi ilimokuja bastola, sheria ya Marekani inamlazimisha muuzaji mwenye leseni kutoa kifaa cha usalama na kila bastola, mara nyingi ni kufuli la waya limefungwa kwenye nailoni na watu hawalifungui kabisa. Waya unapita kwenye bastola ikishafunguliwa, haiwezi kufyatua. Kama kalitupa, vituo vingi vya polisi vinatoa bure. Kesho anunue sefu ndogo ya kubonyeza namba, aifunge kwa skrubu ukutani au kwenye sakafu ya kabati, namba isiwe ya tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

BintiMwanahawa:

Nimemtumia ujumbe wako kama ulivyo. Kajibu sasa hivi. Kufuli lipo, lilikuwa bado kwenye nailoni. Amepiga picha imeshafungwa, na boksi la viatu ameliweka nje kwenye takataka.